Siku Tuliyopandisha Popo Kwihara

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati nusu ya nchi ilikuwa njiani na vyungu vyake kichwani, Tabora ilipata chama cha watu waliotaka kuruka. Sisemi kuruka kamba. Kuruka kama ndege. Walikuwa wataalamu wa kigeni walioletwa kuchimba visima. Maji hawakuyaona, wakaamua kutafuta upepo, ambao kwetu hauhitaji kuchimbwa.

Chombo chao kilikuwa mabomba mepesi na turubai la rangi. Kikikunjwa ni mzigo mrefu kama mwili wa chatu. Kikifunguliwa ni pembetatu kubwa ya kuweza kuezeka shule. Mtu anajifunga chini yake kwa mikanda kama mbuzi wa mnadani, anakimbia mlimani mpaka ardhi inamwishia, halafu anaanguka polepole. Huko kuanguka polepole ndiko walikokuita mchezo. Watu wa Kwihara, walipokiona mara ya kwanza, walikiita popo, na popo kikabaki.

Mimi popo huyo asingenihusu. Shida yangu ilikuwa mke.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Kwihara kumsaidia mama yake kuvuna karanga, na karanga hizo zikawa hazina mwisho. Mwezi ukakatika, ukakatika wa pili. Shamba la baba yake nalifahamu. Angelivuna kuku mmoja mwenye njaa kwa wiki. Lakini kila niliyemtuma alirudi na jibu moja: karanga bado. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni, nina cheti ndani ya kioo ukutani, nina Kiingereza cha kumtisha yeyote asiyekijua, na nyumbani Cheyo nilikuwa nikila viazi vya kuchemsha kama mfungwa. Hatimaye baba mkwe akaleta neno: nije Jumamosi na mshenga wangu, "nimwone kama bado ni mtu au amekwisha kuwa kitabu." Nikaelewa. Jumamosi hiyo ama narudi Cheyo na mke, ama narudi kwa cheti changu.

Mshenga wangu alikuwa fundi cherehani wa jirani, Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli akiwa kijana, akaoa, akasahau kurudi. Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, utani wa tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Kwa hiyo mzee yule aliweza kumwambia mkwe wangu maneno ambayo mimi ningeyasema ningetozwa ng'ombe. Ndiyo sababu nilimchagua. Ndiyo sababu pia njia nzima, amekaa nyuma ya baiskeli yangu na kanzu yake nyeupe ameikunjia magotini, nilikuwa nikijuta.

"Wewe nyamaza tu," aliniambia. "Ukifungua mdomo wako wa shule, tutarudi na mama mkwe badala ya mke."

Tulipofika, tukakuta kijiji kizima kimekusanyika chini ya kilima cha mawe kilichoko nyuma ya mashamba. Kumbe Jumamosi hiyo hiyo chama cha kuruka kilikuwa na mashindano ya kirafiki na wenzao waliokuja kutoka Mwanza. Baba mkwe alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa ameagizwa atoe watu wa kujitolea kupandisha mapopo mlimani. Shauri la mke wangu lingesubiri.

Nikachutama pembeni ya njia, macho chini. "Shikamoo baba."

Baba mkwe alimgeukia fundi. "Mwambie marahaba."

Hapa nieleze kidogo. Kwa watu wa namna ya mkwe wangu, mtu na mkwewe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawasemezani mdomo kwa mdomo kama kuna mtu wa kupitishia maneno. Na juu ya yote, mmoja hampi mwenzake mgongo mahali pa kupanda, kwa sababu panapopandwa, kinachokuwa mbele ya macho ya aliye nyuma si mgongo. Ni adabu ya zamani na ilikuwa imelinda ndoa nyingi.

Mgeni rasmi alikuwa kijana wa ofisi ya wilaya, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, suti ya mikono mifupi imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Akapanda juu ya sanduku akahutubia. Alisema popo yule ni mfano wa kujitegemea: mtu mmoja, bawa moja, hakuna petroli. Alisema hayo huku nyuma yake wanakijiji wazima wamepangwa kumbeba huyo mwenye kujitegemea na bawa lake. Fundi akasogea sikioni kwangu. "Huyu kule ng'ambo alisomea nini?" Nikasema sijui. "Basi hata yeye hajui," akasema.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Kila mtu anaruka kutoka juu, anajaribu kutua ndani ya duara lililochorwa chini, uwanjani. Anayetua katikati anapata kikombe, nacho kilikuwa birika la kahawa la shaba walilolinunua sokoni Tabora, ambalo bibi yangu asingekubali kuchemshia hata maji ya kunawa. Kwa birika hilo watu wazima, wenye ndevu na wake zao, walikuwa wamekwisha kununiana tangu asubuhi. Wale wa Mwanza walidai upepo wa Tabora hauna haki. Wale wa Tabora walidai wa Mwanza wamekuja na popo mpya kuliko walivyopatana. Hao ndio waliokuwa na urafiki.

Na duara walikuwa wamelichora kwa unga. Unga wa sembe, mweupe pe. Wakati ule akina mama walikuwa wakilala mlango wa duka la kijiji wakingoja unga wa njano ambao hata panya aliula kwa kukunja uso. Hawa waliumwaga chini ili wapate pa kuangukia. Wanawake wa Kwihara walisimama kuzunguka duara lile, mikono kiunoni, kama watu waliofika msibani wakakuta ngoma.

Mwenyekiti wa chama, jitu refu lenye ndevu nyekundu, akaanza kutugawa wabebaji wawili wawili kwa urefu, ili mzigo usilale upande. Alikuwa na Kiswahili cha kuagizia chai. Akapita akitupima kwa jicho kama mnunuzi wa mbao.

"Wewe refu," akaniambia. Akageuka akamwonyesha baba mkwe. "Yeye refu. Nyinyi pamoja."

Kijiji kizima kikakohoa.

Nilimwendea nikamweleza kwa Kiingereza changu chote, hadi kile nilichokuwa nikikiweka kwa ajili ya mtihani, kwamba huyu mzee ni baba wa mke wangu na haiwezekani. Uso wake ukang'aa. Akanipiga begani.

"Familia," akasema. "Nzuri sana."

Nikarudi nimekauka. Fundi akauliza amesemaje, nikamwambia. Akamgeukia mkwe wangu, uso mkavu kabisa. "Mtani, mzungu anasema mmefanana. Anasema mkwe wako amerithi miguu yako."

"Mtani wangu," baba mkwe akajibu, akiutazama mti, "watu wa kwenu walipokuwa wakiuza madafu kando ya njia, sisi tulikuwa tukipita na pembe za ndovu. Hatukuwahi kuona mtu anabeba mzigo kuupandisha mlimani ili ushuke wenyewe."

"Mlipita, ndiyo. Babu yako alipofika pwani akaionja bahari, akasema mpishi kazidisha chumvi."

Watu walicheka, baba mkwe hakucheka, lakini bega lake moja lilitikisika. Angeweza kukataa. Balozi akikataa mbele ya mgeni rasmi, kesho anaitwa wilayani kueleza kwa nini anapinga maendeleo. Akauendea ule mzigo, akasimama mwisho mmoja, akamwambia fundi kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mwambie huyo mwanafunzi. Baba yangu alitoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe begani. Alikuwa na sheria moja: mzigo haugusi chini kabla ya kambi. Aliyeuangusha njiani hata nyumbani hakuaminiwa kitu, hata mbuzi. Na mimi mwanangu si mbuzi."

Nadhani hakuna mtu Kwihara aliyekuwa bado hajui nimekuja kufanya nini.

Tukaanza kwa kuubeba mzigo kimshazari, yeye kulia na mimi kushoto, tukienda ubavu kwa ubavu kama kaa. Njia ilikuwa ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa ndani ya miiba tangu hatua ya kwanza, yeye kwenye mawe. Nilichubuka kiasi kwamba ngozi yangu ingetandikwa uani ingeanikiwa mtama. Wenzetu walitupita wote. Mzee mmoja aliyepita na popo wake alisema hajaona watu wakipanda kilima kwa upana.

Hapo tukafika kwenye mawe mawili makubwa, yamesogeleana kama watu wanaosengenya. Kati yake anapita mtu mmoja mmoja. Kwa upana hapapitiki. Lazima mmoja atangulie.

Tukasimama. Mzigo begani, jua utosini, na hakuna wa kusema na mwenzake. Nikitangulia mimi, mkwe wangu anapanda na makalio yangu puani. Akitangulia yeye, ni yale yale na mabaya zaidi, kwa sababu mimi ndiye mdogo. Kuweka chini, nako ni mwisho wa ndoa. Bega langu lilikuwa limeanza kuimba. Kutoka juu mwenyekiti alikuwa akipiga filimbi na kupunga mikono. Kwake sisi tulikuwa wavivu wawili tuliopata kivuli.

"Mtani," baba mkwe akaliambia jiwe la kulia, "wewe ndiye mshenga. Kazi yako nini hapa?"

Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe anajipepea. Aliinuka akilaani, akavua kanzu yake, akabaki na fulana yenye matobo na msuli. Mtu mzima mwenye heshima zake Cheyo, anayeshona suti za mahakimu. Akaitundika kanzu juu ya mzigo, katikati kabisa, mikono yake akaifunga huku na huku, ikaning'inia kama pazia la chumba cha bibi harusi. Mkwe wangu upande ule, mimi upande huu.

"Haya," akasema. "Mtani tangulia. Na wewe, ukichungulia, Mungu akupofushe."

Nilipanda kilima kile sioni ila pindo la kanzu. Fundi alitembea pembeni akiniita kama anayeongoza kipofu sokoni. "Jiwe kushoto. Inua mguu. Siyo huo. Huo ndio uliosomea?" Upepo ukaingia kwenye kanzu, ikajaa, ikanipiga usoni na harufu ya miaka ya mafuta ya cherehani. Mara moja niliteleza nikapiga goti, na mzigo ukashuka mpaka ukanigusa kifuani. Ukaishia hapo. Upande wa pili baba mkwe alisimama papo hapo, hakuvuta, hakusukuma. Alingoja. Niliposimama akaendelea.

Tulipotokeza juu, wale wa chama walishangilia kanzu. Walidhani ni bendera ya kijiji. Mama mmoja wa kutoka Mwanza akatupiga picha, akamuuliza mgeni rasmi maana ya ile nguo. Mgeni rasmi, ambaye babu yake bila shaka aliijua adabu ile ile, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni kuwakaribisha wageni. Nilimsikia. Lakini nilikuwa bado natafuta pumzi.

Basi wakaruka. Nisiwanyime haki yao: walipokuwa hewani walikuwa wazuri kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Tatizo lilikuwa chini. Wakati sote tuko mlimani, kuku wa Kwihara walikuwa wameligundua duara. Walikula upande wa mashariki, wakazunguka wakala wa magharibi, na palipobaki wanawake walikwisha kupita na mafagio na ungo. Mrukaji wa kwanza alizunguka huko juu akitafuta pa kutua kama mtu aliyerudi kwake akakuta nyumba imehamishwa. Akatua kwenye mihogo. Wa pili akatua katika boma la ng'ombe, mahali palipo laini, nasi tukashukuru kwa niaba yake. Mwenyekiti mwenye ndevu, na popo wetu sisi, yule tuliyempandisha kwa pazia, akaning'inia juu ya mkwaju akitukana kwa lugha ambayo masomo ya jioni hayakuwa yameifikia.

Hapo urafiki ukaisha kabisa. Mwanza walisema kuku ni wa Tabora. Tabora walisema hata Mwanza wana kuku. Birika likashikwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mwishowe wakapatana jambo moja tu: mzunguko urudiwe, unga mwingine umwagwe, na wanakijiji wapandishe mapopo tena.

Mwenyekiti, ameshushwa mtini, majani ndevuni, alikuja moja kwa moja kwangu na mgeni rasmi nyuma yake. Akasema nimwambie balozi. Nikamwambia fundi, fundi akamwambia balozi.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alifikiri. Kisha akasema polepole, kwa fundi, na kijiji kikasikia:

"Mwambie mwanafunzi awaambie hivi. Msafara ukifika kambi umefika. Hakuna mpagazi aliyerudi Bagamoyo siku hiyo hiyo kwa sababu tajiri wake kaangusha pembe. Wakitaka kupanda, mlima huo. Na unga wakiumwaga tena, kuku wangu hawajashiba. Basi."

Mgeni rasmi, ambaye hakuhitaji tafsiri, akaninong'oneza nilainishe. Alisema mimi ni mtu niliyesoma, najua namna ya kuyaweka maneno. Alisema niseme watu wamechoka na wanaomba radhi.

Kweli nilijua namna ya kuyaweka maneno. Hilo ndilo lililokuwa limemleta mke wangu Kwihara. Tangu nianze masomo, akisema neno moja mimi nilirudisha sura nzima. Akiniambia chumvi imekwisha nilimweleza inakotoka. Na wakati ule kichwani nilikuwa na nyongeza za kujaza gunia: juu ya visima vikavu, juu ya unga, juu ya suti. Nyingine zilikuwa nzuri sana, hadi leo nazionea huruma. Nikatazama upande wa baba mkwe, miguuni siyo usoni, nikaona ameacha kutikisa kidole chake cha gumba. Alikuwa anangoja, vile vile kama kule kati ya mawe.

Nikatafsiri. Msafara, kambi, pembe, tajiri, mlima, kuku. Basi. Sikupunguza, sikuongeza hata punje.

Mwenyekiti akawa mwekundu kuliko ndevu zake. Mgeni rasmi akaniambia jina langu atalikumbuka, na ninavyoona hakulikumbuka, maana hakuwahi kuniuliza naitwa nani. Wakajaribu kumpandisha popo mmoja wenyewe. Walifika kwenye yale mawe mawili, wakagombana nani atangulie, nao hata hawakuwa wakwe. Jioni walifunga vitu vyao. Birika la shaba walilisahau chini ya mkwaju, nadhani kila upande ulidhani umeibiwa na mwenzake. Fundi alikwenda nalo Cheyo, akasema ni malipo ya dobi wa kanzu yake.

Kabla hatujaondoka baba mkwe alimwita fundi karibu. "Mtani, mwambie mkwe wangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuniita hivyo, "karanga zimekwisha."

Mke wangu akatoka nyuma ya ghala, kanga kiunoni, gunia la karanga kichwani. Alikuwa amekwisha kulifunga. Nikataka kusema jambo la kufaa kuhusu kubeba na kuaminiana. Nilikuwa nimeliandaa tangu mlimani.

"Nimekuona," akasema yeye kwanza. "Nilikuwa darini. Mwanamume mzima unapanda mlima umejificha nyuma ya nguo ya mtu."

"Ilikuwa ni adabu kwa baba..."

"Na usidhani narudi kwa sababu ya baba. Narudi kwa sababu nimechoka kubangua karanga." Akaliteremsha gunia akanitwika mimi. "Beba. Na usinieleze linakotoka."

Fundi akachukua baiskeli yangu, akapanda bila kuuliza, birika limening'inia kwenye usukani, akatupita akipiga kengele. Mke wangu akatangulia njiani. Gunia lilikuwa zito kuliko popo, na mpaka Cheyo sikuliweka chini. Tulipofika mlangoni aligeuka, akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Tia ndani," akasema. "Halafu niambie, hivi viazi ndivyo ulivyokuwa unakula?"

Nikamjibu ndiyo, nikaishia hapo.